Upasuaji wa shingo: pale maumivu yanapokuwa mwongozo mbaya

Mgonjwa mwenye maumivu makali yanayotoka shingoni na kushuka hadi kwenye vidole, asiyelala usiku na asiyeweza kugeuza kichwa bila kukunja uso, mara nyingi ndiye ambaye hana haraka yoyote ya kupasuliwa. Mgonjwa asiyelalamikia maumivu, ila vidole vyake vimekuwa vizito kufunga vifungo vya shati na miguu yake imeanza kuyumba gizani, mara nyingi ndiye ambaye kila mwezi anaosubiri unapunguza kile ambacho upasuaji utaweza kumrudishia. Mpangilio huu unaopingana na hisia zetu ndio chanzo cha makosa mengi yanayofanywa kuhusu upasuaji wa pingili za shingo, na makosa hayo yana pande mbili: wapo wagonjwa wanaokikimbia kisu pale walipopaswa kukiendea, na wapo madaktari wanaokishika upesi mno pale ambapo subira ya wiki chache ingetosha.

Ili kuona kwa nini mambo yako hivyo, ni lazima tutenganishe vitu viwili vinavyopita shingoni. Shingo ya binadamu ina pingili 7, na kando yake hutoka jozi 8 za mizizi ya neva zinazokwenda mabegani, mikononi na kwenye msuli mkuu wa kupumulia. Kati ya pingili moja na nyingine, isipokuwa zile mbili za juu kabisa zinazokiwezesha kichwa kugeuka, kuna diski yenye kiini laini kilichozungukwa na utepe mgumu. Nyuma ya diski hizo, ndani ya mfereji wa mifupa, unashuka ugwe wa mgongo, yaani kamba nene ya neva inayounganisha ubongo na sehemu nyingine zote za mwili. Mfereji huo, katikati ya shingo ya mtu mzima wa umbile la kawaida, una kipenyo cha takriban milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma. Ukipungua chini ya milimita 13 huhesabiwa kuwa mwembamba, na ukishuka chini ya milimita 10 ugwe unakuwa hauna tena mahali pa kukwepea.

Mzizi wa neva ukibanwa hutoa taarifa mara moja. Maumivu huwa ya kuchoma kama moto, hufuata njia ya neva yenyewe kutoka shingoni hadi kidole mahususi, na mtu hajui auweke wapi mkono wake. Ugwe ukibanwa polepole, kwa miaka, hausemi lolote. Hujizoeza kuishi katika nafasi finyu hadi siku unaposhindwa, na dalili za mwanzo za kushindwa huko ni ganzi, uzito na kukosa wepesi, mambo ambayo mtu wa makamo huyachukulia kuwa ni uzee tu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijui ugonjwa mwingine unaostahili methali hiyo kuliko huu.

Kabla ya kuingia katika kila hali, inafaa kuzungumzia picha, kwa sababu picha ndizo zinazowatisha watu wengi kuliko dalili zenyewe. Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa nguvu za sumaku, kinaonyesha diski, neva na ugwe kwa uwazi wa ajabu, na kwa sababu hiyo hiyo kinaonyesha mengi yasiyo ugonjwa. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuwapima watu 497 ambao hawakuwa na dalili yoyote ya shingo. Miongoni mwa waliokuwa katika umri wa miaka ya ishirini, dalili za kuchakaa kwa diski zilionekana kwa asilimia 17 ya wanaume na asilimia 12 ya wanawake. Miongoni mwa waliopita miaka 60, asilimia zilipanda hadi 86 na 89. Mwaka 2015 utafiti mwingine wa huko huko, uliohusisha watu 1,211 wenye afya njema, ulikuta diski zilizotuna kwa asilimia 87.6 kati yao, na ugwe uliobanwa kwa asilimia 5.3.

Takwimu hizo zina maana nzito kuliko zinavyoonekana. Mtu wa miaka 60 akipewa ripoti inayosema diski zake zimechakaa na nyingine zimetuna, ameelezwa jambo ambalo ni kweli kwa karibu kila mtu wa umri wake, awe anaumwa au haumwi. Ripoti hiyo ikisomwa peke yake, bila daktari kuigusa mikono ya mgonjwa, kumpima nguvu za misuli na kumtazama akitembea, haina uwezo wa kusema kama kuna haja ya upasuaji. Nathubutu kusema kwamba daktari anayependekeza upasuaji wa shingo huku akiangalia skrini pekee anastahili kuulizwa swali moja la msingi: je, kile kinachoonekana kwenye picha kinalingana na upande, kidole na msuli unaosumbua? Pasipo ulinganifu huo, upasuaji unakuwa wa kutibu picha.

Tuanze na mzizi wa neva. Hali hii hutokea ama kwa sababu kiini cha diski kimepasua utepe wake na kutokeza nje, jambo linalowapata zaidi watu ambao bado hawajazeeka, au kwa sababu mifupa imeota vichomozi vinavyopunguza tundu ambalo neva hutokea, jambo linalokuja na umri. Mzizi wa saba ndio huathirika zaidi, ukifuatwa na wa sita. Ndiyo maana wagonjwa wengi hulalamikia kidole cha kati, au kidole gumba na cha shahada, pamoja na udhaifu wa kunyoosha au kukunja kiwiko. Maumivu yanaweza pia kuelekea kifuani na kwenye bega la kushoto kiasi cha kudanganya: mwaka 1943 madaktari Semmes na Murphey wa Marekani walieleza wagonjwa wanne wa diski ya shingo ambao dalili zao zilifanana na za ugonjwa wa moyo.

Habari njema kuhusu hali hii ni kwamba wengi hupona, na jambo hilo halisemwi vya kutosha. Kipande cha diski kilichotokeza nje hakikai pale milele. Mara nyingi mwili hukishambulia na kukinyonya, na uvimbe unaoizunguka neva hutulia. Uchunguzi uliofanywa katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, kwa kutumia kumbukumbu za wagonjwa wa kati ya mwaka 1976 na 1990, ulionyesha kuwa robo hivi ya wagonjwa walifanyiwa upasuaji, na kwamba katika ufuatiliaji wa mwisho asilimia 90 ya wagonjwa wote hawakuwa na dalili au walikuwa na dalili ndogo tu zisizowazuia kuendelea na maisha yao. Mwaka 1997 watafiti wa Uswidi walichapisha jaribio ambalo wagonjwa 81 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: upasuaji, tiba ya mazoezi ya viungo, na kuvaa kola ya shingo. Baada ya miezi michache waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi ya maumivu. Baada ya mwaka mmoja tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka.

Wapo wanaosoma matokeo ya namna hiyo na kuhitimisha kwamba upasuaji wa mzizi wa neva hauna maana. Huo ni usomaji wa haraka. Nafuu ya mapema si jambo dogo kwa mtu asiyelala, na yapo majaribio ya baadaye, pia kutoka Uswidi, ambayo yalipowafuatilia wagonjwa kwa miaka mitano hadi minane yalikuta waliopasuliwa na kisha kufanya mazoezi wakiwa na ulemavu mdogo wa shingo kuliko waliofanya mazoezi peke yake. Kinachothibitishwa na utafiti huu wote ni kwamba upasuaji katika hali hii, kwa walio wengi, ni uamuzi wa kuchagua. Mgonjwa ana nafasi ya kusubiri wiki sita hadi kumi na mbili, kutumia dawa za maumivu na mazoezi, kisha kuamua kama anachovumilia kinavumilika. Wasiohusika na subira hii ni wale ambao nguvu za msuli zinazidi kupungua wiki hadi wiki, kwa mfano mkono unaoshindwa kuinuka begani. Hao hawana sababu ya kungojea.

Kuhusu sindano za steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, zinazochomwa karibu na mizizi ya shingo, ambazo hutolewa mahali pengi kama hatua ya kati, nitasema machache. Zinawasaidia baadhi ya watu kwa muda. Lakini mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba sindano za aina hiyo katika uti wa mgongo zimewahi, ingawa ni nadra, kusababisha kupoteza uwezo wa kuona, kiharusi, kupooza na hata kifo. Mtu anayezikubali kwa kudhani kuwa hazina hatari kwa sababu tu si upasuaji anakuwa hajaelezwa vyema.

Sasa tuje kwenye ugwe, ambako mzani unapinduka. Kubanwa kwa ugwe kunakotokana na kuchakaa kwa shingo ndiyo sababu inayoongoza ya ugwe wa mgongo kushindwa kufanya kazi kwa watu wazima duniani. Diski hutuna kutoka mbele, kano za nyuma hukakamaa na kujikunja kuelekea ndani, vichomozi vya mifupa huota, na kwa baadhi ya watu, hasa katika nchi za Asia ya Mashariki, kano ndefu iliyo nyuma ya pingili hugeuka kuwa mfupa. Ugwe hubanwa shingo inapotulia na hubanwa zaidi inapokunjwa na kunyooshwa, huku mishipa midogo ya damu inayoulisha ikisongwa.

Dalili zake zinahitaji kutajwa kwa utulivu, maana ndizo zinazopuuzwa. Mtu anaangusha vitu bila kutambua sababu. Mwandiko wake unabadilika. Ganzi inashika mikono yote miwili, bila kufuata kidole kimoja. Anapanda ngazi akishika ukuta, na akifumba macho anapooga anahisi kama ataanguka. Haja ndogo inamjia kwa ghafla. Wengine, wanapoinamisha kichwa, huhisi mshtuko kama wa umeme unaoshuka mgongoni. Daktari akimpima hukuta miguu inayoruka kupita kiasi inapogongwa kwa nyundo ya kupimia. Maumivu ya shingo yanaweza kuwepo au yasiwepo kabisa, na kutokuwepo kwake ndiko kunakowafanya mgonjwa na daktari wa kwanza kutafuta jibu mahali pengine.

Gharama ya kutafuta mahali pengine imepimwa. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba kutoka dalili ya kwanza hadi ugonjwa kutambuliwa ilipita wastani wa zaidi ya miaka miwili, na kwamba takriban asilimia 43 ya wagonjwa hao walikuwa wameambiwa kwanza kuwa wana neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Kosa hilo linaeleweka, kwa sababu ganzi ya vidole ni ganzi ya vidole. Lakini neva ya kifundo cha mkono haiyumbishi miguu, na daktari aliyemwomba mgonjwa atembee hatua kumi kwa mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole, angekuwa na sababu ya kutilia shaka jibu lake mwenyewe.

Miaka miwili ni mingi kwa sababu ugwe ulioharibika haujengeki upya. Wataalamu huupima ugonjwa huu kwa kipimo cha alama 18 kinachoangalia mikono, miguu, hisia na haja ndogo: alama 15 hadi 17 ni ugonjwa mwepesi, 12 hadi 14 ni wa kati, na 11 kushuka chini ni mkali. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2017 unapendekeza upasuaji kwa wagonjwa wa kati na wakali, na kwa wale wepesi unatoa nafasi ya kuchagua kati ya upasuaji na mpango wa mazoezi unaosimamiwa kwa karibu, kwa sharti kwamba hali ikizorota upasuaji ufanyike. Anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na alama 14 ana matumaini ya kurudi karibu na hali ya kawaida. Anayeingia akiwa na alama 8 mara nyingi hupata ahueni, lakini huondoka bado akiwa na ulemavu, kwani alichelewa kuipata huduma ambayo ingeuzuia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mazungumzo ya kawaida kuhusu hatari za upasuaji wa shingo. Mgonjwa wa aina hii husikia neno kupooza na kukimbia, akidhani kwamba kupooza kutaletwa na kisu. Hatari hiyo ipo, na hakuna daktari mwaminifu atakayeikana, lakini ni ndogo. Hatari inayomkabili asipopasuliwa, akiwa na ugonjwa wa kati au mkali, ni ileile ya kupooza, ila yenyewe huja kwa vipindi: anakaa miezi bila mabadiliko, anashuka ngazi moja, anakaa tena, anashuka nyingine. Kuna pia ajali ya kawaida inayogeuka kuwa msiba. Mzee mwenye mfereji mwembamba akijikwaa na kugonga paji la uso, shingo ikarudi nyuma kwa nguvu, ugwe unaweza kuumia bila mfupa wowote kuvunjika, na mikono yake ikapooza zaidi ya miguu.

Kwa ugonjwa mwepesi nakiri kuwa jambo ni gumu zaidi, na ushahidi hauegemei upande mmoja. Watafiti wa Jamhuri ya Cheki waliwagawa wagonjwa wa ugonjwa mwepesi na wa kati kwa bahati nasibu, wengine wakapasuliwa na wengine wakatibiwa bila upasuaji, na baada ya miaka mitatu hawakukuta tofauti kubwa kati ya makundi hayo mawili. Ilikuwa idadi ndogo ya wagonjwa, na wengi walikuwa hawazoroti kwa kasi, lakini matokeo hayo hayawezi kufichwa chini ya mkeka. Kundi hilohilo la wataalamu liliwafuatilia watu 199 ambao ugwe wao ulionekana kwenye picha kuwa umebanwa ilhali hawakuwa na dalili za ugwe: asilimia 8 walipata dalili ndani ya mwaka mmoja, na katika kipindi chote cha ufuatiliaji idadi ilifikia asilimia 22.6. Kwa maneno mengine, zaidi ya robo tatu hawakuugua katika muda huo. Kumpasua kila mwenye picha mbaya ni kumwingiza chumbani mtu ambaye pengine asingehitaji. Kumwacha bila miadi ya kupimwa tena ni uzembe. Kati ya hayo mawili, upimaji wa kurudiarudia wa mikono na mwendo, kwa mtu yuleyule na daktari yuleyule ikiwezekana, ndio unaostahili kupewa uzito, ingawa hauna mvuto wa teknolojia.

Yapo magonjwa mengine yanayotibiwa kwa upasuaji wa shingo, na kila moja lina saa yake. Kuvunjika au kutenguka kwa pingili katika ajali za barabarani, kuanguka au kujitupa kwenye maji mafupi ni dharura. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2012, uliowahusu wagonjwa 313 walioumia ugwe wa shingo, ulionyesha kwamba katika ufuatiliaji wa miezi sita, asilimia 19.8 ya waliopasuliwa ndani ya saa 24 walipata nafuu ya angalau madaraja mawili katika kipimo cha ulemavu, ikilinganishwa na asilimia 8.8 ya waliopasuliwa baadaye. Saratani iliyosambaa hadi kwenye uti wa mgongo nayo ilikuwa ikitibiwa kwa mionzi pekee, hadi mwaka 2005 jaribio la wagonjwa 101 lilipobadilisha mtazamo: kati ya waliopasuliwa kisha wakapewa mionzi, asilimia 84 waliweza kutembea baada ya matibabu, dhidi ya asilimia 57 ya waliopewa mionzi peke yake. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kwanza ni ugonjwa wa kutibiwa kwa dawa; upasuaji huingia usaha unapobana ugwe au mifupa inapoporomoka. Baridi yabisi inayoshambulia kiungo kati ya pingili mbili za juu imekuwa ikiwafikisha wagonjwa wachache zaidi kwenye upasuaji tangu dawa za kisasa za ugonjwa huo zianze kutumika mapema.

Kuhusu namna upasuaji unavyofanywa, njia ya mbele ndiyo maarufu zaidi, na wengi hushangaa kusikia kwamba shingo hufunguliwa kwa mbele ilhali tatizo liko kwenye uti wa mgongo. Mpasuko mdogo hufanywa kando ya koo, koromeo na bomba la hewa husogezwa upande mmoja, na daktari hufika kwenye diski bila kuugusa ugwe. Diski hutolewa yote, vichomozi husagwa, kisha kipande cha mfupa au kitegemeo kidogo chenye umbo la kikapu hupachikwa mahali pake ili pingili mbili ziungane kuwa moja, mara nyingi zikishikiliwa na kibamba cha titaniamu na skrubu. Njia hii iliasisiwa katika miaka ya 1950 na Smith na Robinson wa Marekani, na kwa wakati uleule na Cloward aliyefanya kazi Hawaii, na misingi yake haijabadilika sana tangu hapo. Njia ya nyuma hutumika zaidi pale ugwe unapobanwa katika ngazi nyingi: matao ya mifupa huondolewa na pingili kufungwa kwa skrubu, au matao hayo hufunguliwa kama mlango na kuachwa wazi ili mfereji upanuke, ufundi uliobuniwa Japani katika miaka ya 1970 ambao huiachia shingo sehemu kubwa ya mwendo wake.

Wagonjwa hutumia muda mwingi kuuliza ipi ni bora kati ya mbele na nyuma, au kati ya kuunganisha pingili na kuweka diski ya bandia. Maswali hayo ni halali, lakini yana uzito mdogo kuliko swali la kama upasuaji unahitajika. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lililowahusu wagonjwa 163 wa ugwe uliobanwa, halikukuta tofauti ya maana kati ya mbele na nyuma katika uwezo wa mwili baada ya mwaka mmoja. Matatizo ya baada ya upasuaji yalikuwa mengi zaidi kwa njia ya mbele, takriban asilimia 48 dhidi ya 24, sehemu kubwa yakiwa ya kumeza kwa shida. Diski za bandia, ambazo Marekani ilianza kuziidhinisha mwaka 2007, zilibuniwa kujibu wasiwasi kwamba pingili zikiunganishwa, diski jirani huchoka haraka. Wasiwasi huo una msingi: uchambuzi wa mwaka 1999 ulikadiria kuwa karibu asilimia 2.9 ya wagonjwa kila mwaka hupata dalili mpya kutoka ngazi jirani. Ni kiasi gani cha hayo kinatokana na upasuaji na kiasi gani ni uchakavu ambao ungekuja tu, ni suala ambalo wataalamu bado wanalibishania. Kwa mtu ambaye bado kijana, mwenye diski moja iliyopasuka na viungo vya nyuma vyenye afya, diski ya bandia ni chaguo zuri; kwa mwenye shingo iliyokakamaa na mifupa iliyoota kila mahali haina faida.

Hatari zinazopaswa kuelezwa waziwazi kabla ya mgonjwa kutia saini ni hizi. Kumeza kwa shida huwapata wengi katika siku za kwanza baada ya njia ya mbele, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki au miezi. Sauti inaweza kukwaruza kwa sababu neva inayoendesha nyuzi za sauti hupita karibu. Mwimbaji, mwalimu au mhubiri ana haki ya kulijua hilo mapema. Damu ikivuja na kujikusanya mbele ya shingo inaweza kuziba njia ya hewa, ndiyo maana saa za kwanza baada ya upasuaji mgonjwa hachezewi. Wapo wachache ambao bega hudhoofika siku chache baada ya ugwe kuachiwa nafasi, na wengi wao hurejea polepole. Njia ya nyuma ina maambukizi mengi zaidi na maumivu ya misuli. Uvutaji wa sigara huchelewesha au huzuia kabisa mifupa kuungana, na hapa mgonjwa ana uwezo wa kubadilisha matokeo yake kuliko daktari. Na si kila kitu kipya ni maendeleo: mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu protini ya kuharakisha ukuaji wa mfupa ilipotumiwa shingoni, baada ya baadhi ya wagonjwa kuvimba koo kiasi cha kuhatarisha maisha.

Limebaki kundi kubwa kuliko yote, nalo ni la wenye maumivu ya shingo peke yake: hakuna maumivu ya mkononi, hakuna udhaifu, hakuna kuyumba. Makadirio ya mwaka 2020 yaliweka idadi ya watu wenye maumivu ya shingo duniani kuwa takriban milioni 203. Kwa walio wengi kati yao upasuaji hauna cha kuwapa, kwa sababu hakuna neva wala ugwe wa kufungulia nafasi, na kuitafuta diski moja yenye hatia kati ya diski kadhaa zilizochakaa ni kubahatisha. Ndio hao, hata hivyo, wanaoumia vya kutosha kumtafuta daktari wa pili na wa tatu hadi apatikane atakayekubali. Daktari anayewakatalia na kuwaeleza sababu huonekana mkatili, ilhali amewapa ushauri bora.

Kama foleni za kumwona bingwa wa uti wa mgongo zingepangwa kwa mantiki ya ugonjwa, mtu anayeyumba bila maumivu angetangulia mbele ya mtu anayelia kwa maumivu ya shingo. Hilo haliwezi kutegemea bingwa, kwa sababu uamuzi wa nani amfikie hufanywa na daktari au mhudumu wa kwanza, ambaye mara nyingi hana MRI. Anacho kipimo kisichohitaji mashine, kilichoelezwa na wataalamu wa Japani mwaka 1987: mgonjwa anaombwa kukunja ngumi na kuifungua kikamilifu, haraka kadiri awezavyo, kwa sekunde 10. Mtu mwenye afya hufikisha mara 20 au zaidi. Asiyefikisha, hasa ikiwa vidole vya upande wa kidole cha mwisho vinachelewa kunyooka, anapaswa kutazamwa anavyotembea, kugongwa magoti kwa nyundo na kupelekwa kwenye kipimo cha shingo ndani ya muda mfupi, hata kama alikuja kulalamikia jambo jingine kabisa.